Simu Inamaliza Chaji Haraka? Mkamate Mlaji Kabla ya Kununua Betri

Ushauri unaozagaa kila mahali ni ule wa kuzima kila kitu: zima data, zima Bluetooth, punguza mwanga, funga programu zote, usiweke picha inayocheza. Ukiufuata wote, unabaki na tochi inayopokea simu. Na bado inawezekana ukawa hujamgusa mlaji halisi, kwa sababu simu mbili za aina moja, zilizonunuliwa siku moja, zinaweza kumaliza chaji kwa sababu zisizofanana hata kidogo. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na kupima. Kuzima kutafuata, na utazima kitu kimoja au viwili tu.

Jambo moja la kushika kwanza. Simu janja imeundwa ilale. Skrini ikizimika, prosesa, yaani ubongo wa simu, nayo hulala, ikawa inaamka kwa sehemu ya sekunde kuangalia kama kuna ujumbe au mtu anapiga, kisha inarudi usingizini. Ikilala vizuri haili karibu chochote. Chukua betri ya mAh 5000 (mAh ni kipimo cha chaji ambayo betri inabeba), ambayo ndiyo saizi ya simu nyingi za sasa: kila asilimia 1 ni mAh 50. Simu iliyolala ikipoteza asilimia 1 kwa saa, maana yake inavuta wastani wa milliampea 50 huku imekaa tu mezani, na hapo tayari usingizi wake si mzito. Karibu kila tatizo la chaji ninaloletewa linaishia kwenye swali hilohilo: nini kinaizuia simu hii kulala?

Hatua ya 1: Ipime ikiwa imelala

Unahitaji karatasi na kalamu tu. Usiku wa kwanza, simu ikiwa na chaji kati ya asilimia 70 na 80, funga skrini saa 4 usiku, andika asilimia, iache kama unavyoiacha siku zote. Saa 12 asubuhi, kabla hujafungua kitu, andika tena. Usianzie kwenye 100. Simu nyingi hung'ang'ania 100 kwa muda hata chaji ikiwa imeanza kushuka, na hesabu yako itakuwa ya uongo.

Usiku wa pili fanya vilevile, ila weka hali ya ndegeni. Hakikisha Wi-Fi nayo imezimika, maana simu nyingine huiacha ikiwaka kama uliwahi kuiwasha ukiwa kwenye hali hiyo. Kengele ya kuamka italia kama kawaida. Simu za watu ndizo hazitaingia, kwa hiyo kama una mgonjwa au unasubiri taarifa, fanya jaribio mchana kwa saa 3 au 4 na usiiguse simu.

Sasa soma matokeo. Kushuka asilimia 2 hadi 5 kwa usiku mzima hakuna neno. Ukipoteza 15 na zaidi, kuna kitu kinakesha.

Kama usiku wa kawaida ulipoteza 18 na ule wa hali ya ndegeni 2, mlaji yuko upande wa mtandao: ama mnara uko mbali, ama kuna programu inayozungumza na seva, yaani kompyuta yake ya mbali, usiku kucha. Nenda hatua ya 4 na ya 5. Kama mara zote mbili imeshuka sana, mlaji yumo ndani: programu inayomng'ang'ania prosesa asilale, au betri yenyewe imechoka. Kama mara zote mbili simu imelala fofofo, achana kabisa na habari za programu za chinichini. Chaji yako inakwenda mchana, mikononi mwako mwenyewe, na sehemu yako ni ile ya skrini.

Hatua ya 2: Fungua orodha ya matumizi, uisome ipasavyo

Kwenye Android iko kwenye Mipangilio, kisha Betri, kisha matumizi ya betri. Kwenye iPhone iko kwenye mipangilio ya betri. Watengenezaji wa simu za Android hupenda kuhamisha vitu, kwa hiyo ukipotea andika neno "betri" kwenye kisanduku cha kutafutia kilicho juu ya Mipangilio.

Kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya ni kuangalia aliye juu na kumhukumu. Programu ya video imekula asilimia 40, basi inafutwa. Lakini kwenye iPhone na kwenye Android nyingi za karibuni, 40 hiyo ni sehemu ya chaji iliyokwisha kutumika, si sehemu ya betri nzima. Kama umetumia asilimia 20 tu tangu asubuhi, hiyo video imekula 8. Na kama uliitazama saa 2 nzima, imekula haki yake.

Angalia muda. Bonyeza jina la programu uone imekaa kwenye skrini kwa muda gani na imefanya kazi chinichini kwa muda gani. Programu uliyoifungua dakika 4 lakini imeshinda chinichini saa 6, hiyo ndiyo ya kuihoji. Isipokuwa kama ni ya muziki, redio au ramani inayokuongoza njia, ambazo kazi yake ni kukesha.

Hatua ya 3: Skrini

Kwa mtu anayeishika simu saa 5 au 6 kwa siku, skrini ndiyo mlaji mkubwa, na hapa hakuna siri. Mwanga ukiwa juu kabisa unakula mara kadhaa zaidi ya mwanga wa kati. Washa mwangaza unaojirekebisha, halafu uusahihishe kwa mkono kila unapoona umekosea. Simu nyingi za sasa hujifunza unachopenda. Weka skrini ijizime baada ya sekunde 30. Kama simu yako ina skrini inayochora mara 120 kwa sekunde, irudishe 60 siku ambazo utakuwa mbali na umeme.

Kuhusu mandhari meusi kuna maneno mengi kuliko akiba. Kwanza inategemea aina ya skrini. Skrini ya OLED huwasha kila nukta peke yake, na nukta nyeusi imezimika kabisa. Hapo weusi unaokoa. Skrini ya LCD ina taa moja nyuma inayowaka muda wote, na weusi ni pazia tu lililowekwa mbele ya taa hiyo, hauokoi chochote cha maana. Pili, hata kwenye OLED, watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue walipopima mwaka 2021 walikuta kwamba mwanga ukiwa kwenye asilimia 30 hadi 50, yaani ule watu wanaoutumia ndani ya nyumba, kuhamia weusi kuliokoa wastani wa asilimia 3 hadi 9 tu. Mwanga ukiwa asilimia 100, akiba ilipanda hadi 39 na zaidi. Kwa hiyo mandhari meusi yana faida kubwa juani, mahali ambapo, kwa bahati mbaya, maandishi meupe juu ya weusi ndiyo magumu zaidi kusomeka.

Saa inayobaki ikionekana skrini ikiwa imefungwa inakula kidogo kidogo siku nzima. Kama huitazami, izime.

Hatua ya 4: Mnara ulio mbali

Huyu ndiye mlaji asiyeshukiwa, na ndiye ninayemkuta mara nyingi kuliko wote kwa watu wanaosema "simu hii siigusi lakini inakwisha".

Simu na mnara hupanga wenyewe simu itoe nguvu kiasi gani. Mnara ukiwa karibu, simu inanong'ona. Ukiwa mbali, au ukiwa ndani ya jengo lenye zege na mabati, simu inapaza sauti. Simu ya 4G inaruhusiwa kutoa hadi takriban wati 0.2 hewani, na ile ya mfumo wa zamani wa GSM (2G) inaweza kufika wati 2 kwa vipindi vifupi vifupi. Kikuzaji cha mawimbi ndani ya simu huvuta betri zaidi ya hapo, kwa sababu sehemu kubwa ya umeme wake inaishia kuwa joto. Ndiyo maana simu inayohangaika kutafuta mtandao mfukoni hupata moto hata kama hujaigusa.

Kibaya zaidi ni pale mtandao unapokuja na kupotea. Simu inashika 5G, inaikosa, inashuka 4G, inaipata tena 5G, inapanda. Kila badiliko ni kuamka, kuongea na mnara, kujisajili upya. Kama una laini mbili, kazi hiyo inafanyika mara mbili, na laini ya pili ambayo haina mtandao hapo ulipo itaendelea kutafuta mnara siku nzima hata kama huna haja nayo.

Usitegemee vile vijiti vya mtandao, vinapambwa. Nenda kwenye Mipangilio, Kuhusu simu, kisha hali ya laini, utafute nguvu ya mawimbi. Android nyingi huionyesha hapo kwa dBm, kipimo cha nguvu ya mawimbi. Namba ni hasi, na kadiri inavyokuwa karibu na sifuri ndivyo mtandao ulivyo mzuri. Kwa 4G, -85 ni nzuri, -100 inavumilika, chini ya -110 simu inapigana. Kila inaposhuka kwa 10, mawimbi yanayokufikia yamepungua nguvu mara 10, kwa hiyo tofauti ya -95 na -115 si ndogo kama inavyoonekana kwenye karatasi.

Cha kufanya:

Kama unaposhinda kuna Wi-Fi, itumie, na kama mtandao wako una huduma ya kupiga kwa Wi-Fi, iwashe pia. Kwa simu hiyohiyo, Wi-Fi iliyo karibu hula kidogo kuliko data ya mnara ulio mbali.

Kama 5G ya eneo hilo inakuja na kupotea, funga simu kwenye 4G. Usiishushe hadi 2G ukidhani unaokoa: kwa data, mfumo wa polepole unamaanisha redio inawaka muda mrefu zaidi kushusha kitu kilekile.

Zima laini ambayo hutumii. Huna haja ya kuitoa, mipangilio ya laini ina kitufe cha kuizima.

Na mahali ambapo hakuna mtandao kabisa, kama safari ndefu au chumba cha chini ya ardhi, weka hali ya ndegeni. Simu isiyo na mnara haipumziki, inatafuta.

Kuna jambo lingine la redio linaloeleza kwa nini ujumbe mdogo unakula kuliko ukubwa wake. Baada ya kutuma au kupokea data, redio haizimiki palepale. Inabaki macho sekunde kadhaa, mara nyingi kama 10, ikisubiri kama kuna nyingine. Kwa hiyo programu inayotuma herufi chache kila dakika inaweza kuchosha betri kuliko wimbo mzima ulioshushwa mara moja. Makundi ya WhatsApp yenye watu 200 yanayosalimiana tangu alfajiri yana athari hiyohiyo. Kuyanyamazisha kunazuia mlio, mtetemo na skrini kuwaka, lakini ujumbe unaendelea kuingia. Kinachosaidia zaidi ni kuzima upakuaji wa picha na video wa moja kwa moja unapotumia data ya simu; kitufe kiko kwenye mipangilio ya hifadhi na data ya WhatsApp.

Hatua ya 5: Programu zinazokesha

Android ilianza kuzibana programu za chinichini kwa dhati na toleo la 6.0 la mwaka 2015, lililoleta utaratibu wa kuzilazimisha zingoje na kuamka kwa pamoja simu inapokuwa imetulia. Toleo la 9 la mwaka 2018 likaongeza kujifunza ni programu zipi unazitumia kwa nadra ili zibanwe zaidi. Mfumo huo unafanya kazi nzuri mradi usiuvuruge. Unavurugwa kwa njia mbili.

Ya kwanza ni ruhusa. Programu huomba "isibanwe na uokoaji wa betri", unabonyeza Ruhusu ili iache kukusumbua, na tangu siku hiyo haibanwi. Fungua taarifa za programu uliyoishuku kwenye hatua ya 2, nenda sehemu ya betri, uangalie. Acha bila vizuizi zile tu ambazo kuchelewa kwake kuna hasara: kengele, saa ya mkononi, kifaa cha afya. Mchezo au duka la mtandaoni halina sababu.

Ya pili ni kufagia. Watu wengi hufungua orodha ya programu za karibuni kila baada ya dakika chache na kuzifagia zote, wakidhani wanaokoa. Nyingi ya zile unazoziona hapo zimeganda kwenye kumbukumbu, hazifanyi kazi. Ukizifagia, utakapozifungua tena simu itaanza upya kuzipakia, na kuanza upya kunakula zaidi. Fagia programu iliyokwama au inayoendesha ramani usiyoihitaji, nyingine ziache. Zile programu zinazojitangaza kuwa "wasafishaji" na "waokoaji betri" ndizo za kufuta kwanza. Zinakesha zikiua wenzao, wenzao wanafufuka, zinawaua tena.

Mara moja nililetewa simu ya shangazi yangu iliyokuwa ikifa kabla ya saa 7 mchana. Alikwisha kubadilishiwa betri, ikawa vilevile. Jaribio la hali ya ndegeni lilionyesha kwamba shida iko upande wa mtandao, lakini nguvu ya mawimbi nyumbani kwake ilikuwa safi. Kwenye orodha ya matumizi hapakuwa na programu ya ajabu, ila barua pepe ilikuwa imeshinda chinichini siku nzima. Alikuwa na akaunti ya kazini ya zamani, aliyostaafu nayo, nenosiri lake limekwisha badilishwa, na simu ilikuwa inabisha hodi kwenye mlango ambao hautafunguliwa tena, usiku na mchana. Tulifuta akaunti, basi. Angalia akaunti zako zote kwenye Mipangilio, na yenye alama ya kushindwa kusawazisha uirekebishe au uiondoe. Nakala rudufu ya picha iliyokwama kwenye video moja kubwa inafanya hivyohivyo.

Ukishindwa kumbaini mhusika kwenye Android, washa simu katika hali salama, ambayo huzima programu zote ulizopakua mwenyewe, na urudie jaribio la usiku. Ikilala vizuri, ondoa programu ulizoweka karibuni moja baada ya nyingine.

Vitu vidogo, kwa haraka

Huduma ya mahali: usiizime kabisa, badilisha ruhusa ziwe "wakati wa kutumia programu tu". Bluetooth iliyowashwa bila kuunganishwa na kitu ni tone baharini. Mtetemo wa kibodi ni mota inayofanya kazi kila herufi, na kama unaandika sana utauhisi. Kugawa intaneti kwa wengine na kupiga simu za video ndiyo mizigo mizito kabisa, kwa sababu redio, prosesa na, kwa video, kamera na skrini vyote vinawaka kwa pamoja. Hapo hakuna ujanja ila kufupisha au kuchomeka chaja.

Hatua ya 6: Labda ni betri yenyewe

Ukifika hapa na simu bado inashuka, chunguza betri. Dalili ya wazi ni simu kuzimika ghafla ikiwa na asilimia 20 au 30, hasa ukifungua kamera. Betri inapozeeka, ukinzani wake wa ndani unapanda. Ukiiomba umeme mwingi kwa mara moja volti zinaanguka, na simu inajizima kujilinda ingawa chaji imebaki. Kwenye iPhone angalia afya ya betri kwenye mipangilio. Apple inasema betri za iPhone 14 na za kabla yake zimeundwa kubaki na asilimia 80 ya uwezo baada ya mizunguko 500, na za iPhone 15 kuendelea mizunguko 1000. Mzunguko mmoja ni jumla ya asilimia 100 iliyotumika: 50 leo na 50 kesho ni mzunguko mmoja.

Joto ndilo linaloua mapema. Kikomo cha mazingira ambacho Apple hukitaja kwa iPhone ni nyuzi 0 hadi 35 za Selsiasi, na simu iliyoachwa kwenye dashibodi ya gari juani, au inayochajiwa chini ya mto huku ikicheza video, inavuka hapo kirahisi. Kama inapata moto ukichaji, ivue kava. Ile habari ya kumaliza chaji yote kabla ya kuchaji tena ilikuwa ya betri za nikeli na kadimiamu. Za lithiamu-ioni, ambazo Sony ilianza kuziuza mwaka 1991, hupendelea kukaa kati. Kama simu yako ina kikomo cha kuchaji cha asilimia 80 na siku yako inatosha kwa hiyo 80, kiwashe.

Simu ikianza kuachana kioo na fremu, au kifuniko cha nyuma kikiinuka, betri imevimba. Acha kuitumia, usiichaji, usiibonyeze irudi, wala usiitoboe. Mpelekee fundi anayejua kuitoa.

Ukibadilisha betri, rudia jaribio la usiku wa kwanza na wa pili kabla hujarudisha programu zako zote, uandike namba kwenye karatasi ileile. Zikiwa sawa na zile za mwanzo, betri ya zamani haikuwa na kosa, na kazi yako inaanza upya kwenye hatua ya 2.